Fursa Yenye Mabawa

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya Mheshimiwa Meya Desmond Haggart, natangaza kwamba Wilaya ya Tarahanga ndiyo wilaya ya kwanza ya milimani, hapa Kisiwa cha Kusini na pengine duniani kote, kumiliki jina la kasuku. Si kasuku mwenyewe. Kasuku ana gharama. Jina tu.

Jina lenyewe ni kea. Mimi, Tiopira Rehu, ndiye niliyekuwa Ofisa Mwandamizi wa Matumizi Sahihi ya Majina, cheo ambacho kabla yangu hakikuwepo na baada yangu, nasikia, hakitakuwepo. Naandika haya kuweka kumbukumbu sawa, maana maneno yamekuwa mengi, na watu wa Tarahanga wakikosa la kufanya hukaa baa wakaanza kuisema Halmashauri.

Hali ilivyokuwa kabla hatujaingilia kati ilikuwa ya kusikitisha. Neno kea lilikuwa linatumika ovyo. Sisi Wamaori tulikuwa nalo tangu enzi za mababu, Wazungu wakaja wakalichukua lilivyo, na tangu hapo kila mtu akawa analitumia anavyotaka, tena bure. Shemeji akinyoosha uma na kuchukua kiazi kwenye sahani yako, kea huyo. Mtoto akifungua zawadi za Krismasi kabla ya siku yake, kea. Jirani akiazima nyundo halafu akajisahaulisha, kea, na mkewe naye kea. Kulikuwa na timu ya raga ya wanawake iliyoitwa Kea, na saluni ya Kea, na fundi mmoja wa mabomba aliyejiita Kea Mtaalamu. Na kule juu, pale barabara inapovuka milima kwenda pwani ya magharibi, kulikuwa na duka la pai lililoitwa Kea, mali ya Kararaina Rehu, ambaye kwa mujibu wa jalada la ofisi ni mdau, na kwa mujibu wa marehemu baba yangu ni dada yake.

Nilifanya utafiti. Nilisimama kwenye maegesho ya magari nikawauliza watalii, neno kea lina maana gani kwako? Wengi walijibu kwamba maana yake ni yule aliyekula mpira wa dirisha la gari letu. Mmoja alisema ni yule aliyeondoka na soksi yake. Niliwasilisha matokeo kwa Meya, naye aliyasoma akiwa amejishika kichwa.

"Tiopira, neno zuri namna hii, na watu wanalihusisha na uharibifu?"

"Mheshimiwa, ndege mwenyewe ndiye anayeharibu."

"Ndege tutamwelimisha baadaye. Tuanze na neno."

Ndipo akaletwa mshauri mwelekezi kutoka Wellington, kijana mwenye soksi fupi na maneno marefu. Alikaa hotelini kipindi kizuri tu, akala, akatembezwa, akaondoka ametuachia fasili rasmi. Ilisomwa kwenye kikao wajumbe wote wakiwa wamesimama: "Kea: fursa yenye mabawa." Makofi yalipigwa. Mjumbe mmoja mkongwe akauliza kama hii siyo Halmashauri ileile ambayo enzi za babu yake ilikuwa inawalipa watu kwa kila mdomo wa kea waliouleta, eti kwa sababu wanadonoa kondoo. Mwenyekiti akamjibu kwamba swali lake ni la kihistoria na kikao ni cha maendeleo, na akaagiza keki iletwe.

Sheria ndogo ikapitishwa siku hiyohiyo. Ilisema Halmashauri ndiyo mmiliki pekee wa jina Kea na wa vyote vinavyoitwa kwa jina hilo ndani ya mipaka ya wilaya. Mwanasheria wetu, Fiona Lysaght, mama mtulivu anayevaa miwani miwili kwa zamu, alijaribu kushauri.

"Desmond, hapo kwenye 'vyote' tungepunguza kidogo. Tuseme bidhaa na biashara."

"Vyote, Fiona. Usiache mwanya. Hawa watu nawajua, ukiacha mwanya wanapita."

"Basi vyote."

"Rudia kusoma nisikie."

Akarudia, na Meya akafumba macho kwa raha.

Mimi nilikabidhiwa kazi ya kuwaarifu wadau. Saluni haikuleta shida, ikajiita Mikasi. Timu ya raga ilinifukuza uwanjani na mpira wao ukanipata mgongoni, ila siku ya pili wakatii. Nikabaki na duka la pai. Nikapanda mlimani na gari la ofisi, nikalifunga vioo vyote, nikaingia.

"Karibu mwanangu. Umekula?"

"Nimekuja kikazi, Shangazi."

"Sijakuuliza umekuja kufanya nini. Nimekuuliza umekula."

Nikala pai ya kondoo, kisha nikaongezwa ya paua, konokono wetu wa baharini, maana kwa shangazi yangu kukataa ni ugomvi. Nilipomaliza nikajifuta mdomo, nikasimama, nikamsomea tangazo lote, pamoja na vifungu. Alinisikiliza mikono ikiwa imejaa unga hadi viwikoni.

"Kwa hiyo duka langu niliite nani?"

"Kuna majina mbadala yaliyoidhinishwa. Unaweza kuwa Kituo cha Vitafunwa vya Mlimani. Au ukapenda, Huduma ya Pai, Kanda ya Juu."

"Tiopira, hebu acha ujinga."

"Si ujinga, Shangazi, ni sera."

Akaenda dirishani akauangalia ubao uliokuwa juu ya mlango. Ubao wenyewe ulikuwa wa mbao za zizi kuukuu, herufi zimepakwa rangi nyekundu, na ile ya mwisho imeinama kidogo upande wa kulia.

"Ule aliuandika marehemu mume wangu Aperahama, mwaka tuliofungua. Yuko juu ya ngazi anaandika, na chini kuna kea wawili wanamfungua kamba za viatu. Trei ya kwanza ya pai niliyoitoa kwenye tanuri ile waliichukua wao, sikuuza hata moja. Nikalia. Aperahama akaniambia, Kara, hawa ndio wenye nyumba, sisi tunapanga. Tuwape jina la duka, labda watatuachia pai." Akajipangusa uso kwa mkono, na unga ukambaki shavuni. "Nikiushusha ule ubao ni kama namzika tena. Mume wangu sina, watoto wako Australia, nimebaki na hilo jina pale juu. Usinifanyie hivyo mwanangu."

Nikaandika: mdau ameonyesha hisia. Njiani kurudi pai ilinikaa kifuani, nikadhani ni vitunguu.

Meya aliposikia kuna mdau anasuasua, akasema kinachohitajika ni baraka za wenyeji, pamoja na mpiga picha. Akaomba kupokelewa kwenye marae yetu, pale chini kwenye mto, pale tunapokutania kwa misiba na sherehe na kwa kugombana kistaarabu. Wazee hawakukataa. Kwetu mgeni akiomba kuja, anaitwa aje, hata kama ni huyu.

Tukasimama getini, mimi na Meya na Fiona na mpiga picha. Mama mmoja akatuita kwa sauti ndefu ya kuita wageni, tukaingia polepole tukakaa upande wetu. Wenyeji wakakaa upande wao, na kati yetu pakabaki majani matupu. Babu Matiaha, msemaji wa upande wao, mzee mwembamba mwenye fimbo na kofia ya raga, akatukaribisha, na watu wake wakasimama nyuma yake wakaimba wimbo wa kumkamilishia hotuba. Ikawa zamu yetu.

Meya alizungumza. Alianza na historia ya lami. Akaja kwenye takwimu za vitanda vya hoteli, akapita kwenye fasili, akarudi kwenye lami. Watoto wakaanza kulala. Hapo akina mama wa upande wa pili wakasimama, shangazi yangu akiwa katikati, wakaanza wimbo. Kwa wasiojua, msemaji akizidisha, akina mama humwimbia, na mtu mwenye haya zake hukaa chini. Meya akaweka mkono kifuani. Wimbo ulipokwisha akanigeukia macho yamelowa.

"Wameniimbia, Tiopira. Hata kabla sijamaliza."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hii ni heshima, siyo?"

"Ni wimbo, Mheshimiwa."

Akawashukuru akaendelea na lami. Wakaimba tena, safari hii ule mrefu. Akaomba waurudie ili mpiga picha apate sehemu nzuri. Wakarudia wakimtazama usoni, na kwa kweli shangazi yangu ana sauti, unaisikia hadi kwenye magoti. Hatimaye Meya akakaa mwenyewe, kwa kuchoka.

Upande wetu sasa ulitakiwa usimame umwimbie msemaji wetu, maana hotuba bila wimbo ni mtu aliyetoka bila suruali. Bahati mbaya kamati ndogo ya wimbo ilikuwa haijakamilisha mapendekezo yake.  Fiona akakohoa, na wenyeji kwa hisani yao wakakipokea kikohozi hicho kama wimbo.

Babu Matiaha akasimama.

"Mheshimiwa, tumekusikia. Tumekusikia sana. Umetueleza maana ya kea ni fursa. Sisi tulikuwa hatujui. Wazee wetu walipopanda milima ile walimsikia anapita juu ya vichwa vyao anasema kea, kea. Wakasema, huyu kajitambulisha, na adabu ni kumwita mtu alivyojitaja. Yakaisha. Hatukuwa na mshauri, ndiyo maana tulimaliza mapema."

Watu wakacheka chinichini. Mzee akaashiria kwa fimbo. Shangazi Kararaina akatoka nyuma akiwa ameubeba ule ubao mwenyewe. Alikuwa ameushusha asubuhi ile kwa mikono yake. Alitembea wima. Akampa mzee, na mzee akaja nao katikati, akauweka chini kwenye majani, akarudi nyuma.

"Jina ni hilo hapo. Kama ni lenu, liokoteni."

Sasa, kwetu kitu kikiwekwa chini namna hiyo mbele za watu, anayekiokota amekikubali. Na hakubali kipande. Anakubali chote na kila kinachokuja nacho, mazuri yake na magomvi yake na matumbo yake yenye njaa. Ndiyo maana mtu makini hukitazama kwanza, hushauriana na wenzake, wakati mwingine hukiacha palepale, na hakuna anayemwona mbaya. Mtoto yeyote wa pale anajua. Nilitaka kumnong'oneza Meya. Lakini Mwongozo wa Itifaki, ambao niliuandika mimi, unakataza ofisa wa ngazi yangu kumsemesha Meya akiwa kwenye mwendo, na Meya alishakuwa kwenye mwendo.

Aliuokota kwa mikono miwili akauinua juu ya kichwa, kama nahodha aliyetwaa kombe. Mpiga picha akapiga.

"Umeliokota?" Babu Matiaha akauliza.

"Nimeliokota."

"Lote?"

"Lote, na asanteni sana."

"Haya. Watu wamesikia."

Tukaenda kusalimiana kwa kugusana pua mmoja mmoja, kisha tukaingia kula. Shangazi alimpakulia Meya mwenyewe, akamjazia titi, yule ndege wa baharini anayekaushwa kwa chumvi, na viazi vitamu, akamwambia ale ashibe kwa sababu sasa ana familia kubwa. Meya akanifafanulia baadaye kwamba hiyo ni methali yetu.

Picha ikatundikwa kwenye ubao wa matangazo wa Halmashauri, kubwa, ya rangi. Jumatatu nilipofika kazini nilikuta foleni imetoka mlangoni, imepita bustani, imefika kwenye sanamu. Hawakuwa na kelele. Kila mmoja alikuwa na kitu mkononi. Mbele kabisa Babu Matiaha alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, na chupa ya chai magotini.

"Babu, kulikoni?"

"Mimi ni shahidi tu, mwanangu. Wahudumie watu."

Wa kwanza alikuwa mfugaji mmoja, akaniwekea mezani kitu kilichochanikachanika.

"Hiki nini?"

"Kiti cha baiskeli."

"Kimefanywa nini?"

"Kimeliwa. Na watu wenu."

"Halmashauri haina watu wanaokula viti."

Akainua kidole akanionyesha picha ukutani. "Yule si Meya? Na ule si ubao? Lote alisema. Na sheria yenu inasema vyote vinavyoitwa kea ni mali ya Halmashauri. Basi mali yenu imekula kiti changu, na kesho inarudi kumalizia kengele."

Baada yake kulikuwa na Mjerumani na hema lake, ambalo sasa lilikuwa nyavu. Mama mmoja alileta wipa za gari, au tuseme chuma chake. Wengine walileta antena, glavu za kwenye theluji, misumari iliyong'olewa kwenye paa mmoja baada ya mwingine kwa ufundi ambao kwa kweli idara yetu ya ujenzi haina. Fundi wa mabomba alileta buti moja. Nilikwenda kumwita Fiona, Fiona akabadilisha miwani, akaisoma sheria ndogo, akabadilisha tena.

"Lakini sisi tulichukua jina," Meya akasema. "Ndege hatukumchukua."

"Ulisema vyote, Desmond. Ukaniambia nirudie kusoma."

"Kule mtoni ilikuwa sherehe tu."

"Ilikuwa na mashahidi. Na kwenye picha unacheka."

Kiongozi wa kweli anajulikana wakati wa shida. Jioni ileile Meya alizindua Sera ya Kutomtaja. Kwa mujibu wa Sera hiyo, Halmashauri haimjui ndege huyo, haijawahi kumjua, na haina sababu ya kuanza. Ofisa hatatamka jina lake wala kulisikia. Akionekana dirishani, ofisa aangalie kompyuta. Mabango ya utalii yalipakwa rangi pale alipokuwa ndege, milima ikabaki na doa jeupe angani ambalo watalii walidhani ni mwezi. Kamati ya Fasili iliitishwa upya, ikaketi siku nzima na ndege wawili wakiwa wananyofoa vipande vya madini ya risasi vinavyoziba paa juu ya vichwa vyao, ikaamua kwamba ile ni hali ya hewa. Cheo changu kikawa Ofisa Mwandamizi wa Kutotumia Majina, na kwa kuwa kazi ilikuwa imepungua, nikapewa pia simu ya Dawati la Wanyama.

Ni hapo shangazi yangu aliposhuka mjini. Aliingia ofisini kwa Meya na koti lake la mvua, hakukaa.

"Nasikia jina hamlitaki tena. Nirudishieni."

Meya akamtazama Fiona, na Fiona akaeleza, bila furaha, kwamba kurudisha ni kukiri ulikuwa nalo. Tena, kwa Sera mpya, hakuna mahali wilayani patakapoitwa hivyo mpaka Meya mwenyewe apatamke kwa kinywa chake, na Meya hatamki.

"Yaani neno mmelichukua, halafu mmelitupa, halafu mimi siruhusiwi kuliokota?"

"Kisheria ndivyo," Fiona akasema.

"Mheshimiwa, magari yanapita." Alikuwa anajitahidi kuongea polepole. "Duka lisilo na ubao watu wanadhani limefungwa. Nyumba yangu ndiyo hiyohiyo, nalala nyuma ya tanuri. Theluji ikianza nikiwa sijauza, nitalifunga kweli, nitakwenda kukaa kwenye sofa la mwanangu huko Brisbane na joto lao. Sema neno moja tu. Neno lenyewe fupi."

"Sitalitamka mpaka naondoka madarakani, mama. Nimeapa mbele ya baraza."

Shangazi akanigeukia. Mimi niliangalia kompyuta. Sikuwa na kompyuta mbele yangu, niliangalia pale ambapo ingekuwepo. Akasema, "Baba yako angekuchapa," akatoka. Nilijisikia vibaya sana, na sikuandika chochote.

Wiki zikapita. Ubao ulikuwa kwenye stoo ya ofisi ya Meya, umefunikwa na pazia. Siku moja Meya akaondoka asubuhi kuvuka milima kwenda pwani ya magharibi, alikoalikwa kutoa mada kuu kwenye mkutano wa wilaya, kuhusu umuhimu wa majina katika kuutambulisha mji. Mimi nilibaki kwenye simu. Kabla ya saa sita ikalia.

"Dawati la Wanyama, Halmashauri ya Tarahanga, tunakujali. Tatizo lako linahusu mnyama gani?"

"Tiopira, ni mimi. Tuma mtu haraka. Gari langu linang'olewa."

"Pole sana, Mheshimiwa. Na nani?"

"Unajua na nani."

"Simu inarekodiwa, Mheshimiwa, kwa agizo lako. Mnyama gani?"

 Nyuma yake nilisikia vikombe, na watu, na kwa mbali kitu kinachochanika.

"Ndege," akasema.

"Ndege gani?"

"Wa kijani. Wakubwa. Midomo imepinda."

"Hapa kwenye mfumo nina njiwa wa msituni."

"Si njiwa."

"Nina bata."

"Tiopira, bata anaweza kufungua begi?"

"Sijui, Mheshimiwa, si taaluma yangu. Simu yako ya mkononi iko wapi, niifuatilie?"

"Wanayo wao. Niliacha kioo wazi kidogo nikaingia msalani mara moja. Natumia simu ya ukutani hapa, na huyu mama ameiweka kwenye spika, anasema mikono yake ina unga. Watu wote wanasikia."

"Basi tuache ndege, tutawarudia. Uko wapi?"

"Kwa shangazi yako."

"Nina mashangazi wengi, Mheshimiwa, na mfumo hautambui undugu. Mahali panaitwaje?"

"Hapa juu. Panapouzwa pai."

"Nimetafuta. Jina limeondolewa. Gari la huduma haliendi mahali pasipo na jina, ni kifungu chako cha tano."

"Nimekuagiza mimi, Meya."

"Na mimi natamani kukusaidia, Mheshimiwa. Nipe jina tu."

Kule nilimsikia mtu akisema, jamani, mmoja amekalia usukani. Mwingine akasema, sasa wanatoa makaratasi.

"Hotuba yangu," Meya akasema, sauti imepanda. "Wanakula hotuba yangu."

"Ukurasa wa lami au mwingine?" Hiyo ilikuwa sauti ya Babu Matiaha, ambaye kumbe alikuwa pale anakunywa chai. "Sema tu, baba. Halina sumu. Wao wanalisema siku nzima."

Nikasikia Meya akivuta pumzi.

"Kea," akasema. "Niko Kea. Hili duka linaitwa Kea, na gari langu linaliwa na kea. Umeridhika?"

Kule kwenye simu watu walipiga makofi, tena marefu kuliko yale ya fasili. Nikangoja yaishe, maana kumbukumbu inatakiwa isikike vizuri.

"Asante kwa ushirikiano, Mheshimiwa. Unatamka hivyo kama Meya?"

"Kama Meya, kama Desmond, kama mtu yeyote unayemtaka. Tuma gari."

"Nimeandika. Kuhusu duka, limeshatamkwa, hivyo kuanzia sasa linaitwa hivyo kihalali. Kuhusu ndege, utaratibu ni kwamba mwenye mifugo inayoharibu anatakiwa aje mwenyewe aiondoe."

"Vizuri. Mpigie aje."

"Yupo hapohapo, Mheshimiwa."

"Nani?"

"Halmashauri, ikiwakilishwa na wewe. Nakutakia kila la heri."

 Nikasikia kiti kikivutwa, na aliyefuata kuzungumza alikuwa shangazi yangu.

"Tiopira."

"Shangazi."

"Ubao wangu uko wapi?"

"Stoo, ofisini kwa Meya."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Sasa hapo unangoja nini? Njoo nao, na ngazi, na njaa yako. Pai ya paua ipo."

Nikachukua ufunguo. Safari hii kilichonikaa kifuani sikukiita vitunguu.

"Nakuja, Shangazi. Na Meya nimrudishe mjini?"

"Mwache. Gari halina tena wipa na mvua inaanza, atashuka na mimi nikifunga. Pai atakula baadaye, sasa nimempa kitambaa, anakausha vyombo na wenzake."

Kabla hajakata nilimsikia Mheshimiwa Meya wa Wilaya ya Tarahanga akiuliza visahani vinakaa kabati lipi, na Babu Matiaha akimwambia arudi avikaushe vizuri kwanza.